Nimesoma dini nyingi na sijaingia hata moja: mtu huchaguaje?

Daftari la Safu Saba ameuliza:

Ndugu zangu, nawasalimu nyote. Nimesita kwa muda mrefu kabla ya kuandika haya, kwa sababu najua kwamba swali la dini likiulizwa hadharani huwavuta wanaotaka kushinda mabishano upesi zaidi kuliko wanaotaka kumsaidia aliyeuliza. Naomba basi mnijibu kwa upole, hata mkiona nimepotea.

Nililelewa na watu washika dini. Sikuiacha dini ya wazazi wangu kwa hasira, wala hakuna kiongozi aliyenikosea; iliniponyoka taratibu, kama mtu anavyousahau wimbo alioujua utotoni, hadi siku moja nikajikuta nimesimama katikati ya waumini nikitamka maneno ambayo sikuweza kusema kama nayaamini au siyaamini. Sikutaka kuendelea kuigiza. Hata hivyo sikuwahi kuwa mtu wa kusema kwamba hakuna Mungu, maana kiu ya ibada ilibaki palepale. Ndipo nikaamua kuzichunguza dini, moja baada ya nyingine, kwa utaratibu na bila pupa.

Nilichukua daftari, nikapiga mistari, nikapata safu saba: Uislamu, Ukristo, Uyahudi, Uhindu, Ubuddha, Usikh na Ubahai. Chini ya kila jina niliandika ninayokubaliana nayo, yanayonitatiza, na mwisho alama, kumi ikiwa ndiyo ya juu kabisa. Mnaweza kucheka, mimi mwenyewe nacheka sasa. Kwa miaka mitatu nimesoma tafsiri za vitabu vitakatifu, maelezo ya wanazuoni, na masimulizi ya watu waliosilimu, waliobatizwa na waliotoka. Nilivutiwa na tauhidi ya Waislamu, iliyonyooka bila kona. Nikavutiwa na Mungu wa Wakristo anayekubali kuteswa. Nikavutiwa na Wabuddha, ambao huanza na maumivu ya mwanadamu kabla ya kusema lolote kuhusu mbingu. Nikavutiwa na Wabahai, kwa kuwa mafundisho yao wenyewe yanamtaka kila mtu auchunguze ukweli kwa macho yake badala ya kuurithi.

Mwezi uliopita nililipitia daftari lote tangu ukurasa wa kwanza, na nikagundua jambo lililonifedhehesha. Dini yenye alama nyingi kuliko zote ilikuwa, kila mara, ile niliyotoka kuisoma punde. Kitabu kikibadilika, na mshindi hubadilika. Miaka mitatu nilidhani napima dini, kumbe nilikuwa napima ufundi wa waandishi.

Sasa sijui nishike lipi. Je, mtu hujuaje kwamba amefika? Inafaa kuokota jema la kila dini na kujijengea njia yangu mwenyewe, au huko ni kujidanganya? Na je, nimwambie nini mama yangu, ambaye haniulizi kitu ila hunitazama?


Rafu ya Juu amejibu:

Mwanangu, kama umri wangu unaniruhusu kukuita hivyo, kosa lako ni la heshima na limefanywa na watu wakubwa kuliko mimi na wewe. Ngoja nikukumbushe mmoja.

Abu Hamid al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu, alizaliwa mwaka 1058, na alipokuwa na umri wa miaka thelathini na kitu tayari alikuwa mwalimu katika madrasa ya Nizamiyya mjini Baghdad, cheo kilichotamaniwa na wanazuoni wote wa zama zake. Katika kitabu alichosimulia safari yake ya ndani, anasema aliwagawa watafutaji wa haki katika makundi manne: wanatheolojia, Wabatini waliomfuata imamu wakiamini kwamba hawezi kukosea, wanafalsafa, na masufi, yaani Waislamu wanaotafuta kumjua Mungu kwa moyo. Akawachunguza mmoja mmoja, karibu kama wewe na safu zako, tofauti ikiwa kwamba yeye aliweza kuandika hoja za kila kundi vizuri kuliko wenyewe. Alipofika kwa masufi alivisoma vitabu vyao akavimaliza, kisha akatambua kwamba kilichobaki hakimo vitabuni. Alikiita *dhauki*, yaani kuonja. Akatoa mfano ambao sijausahau tangu nilipousoma: kujua maana ya afya, sababu zake na masharti yake ni jambo moja, na kuwa mzima wa afya ni jambo jingine kabisa, tabibu aliye mgonjwa anaijua afya kikamilifu, na hana afya.

Zingatia kilichofuata. Hakuinuka siku ileile akaenda. Kwa karibu miezi sita, katika mwaka 1095, alikuwa akiweka mguu mmoja mbele na kuurudisha mwingine nyuma; asubuhi anaazimia kuondoka, jioni azma imevunjika. Hatimaye ulimi wake ukafungika, akawa hawezi kufundisha, na chakula hakipiti. Matabibu walisema kwamba ugonjwa ulianzia moyoni na ukashukia mwilini. Ndipo alipoacha cheo, akagawa mali yake isipokuwa ya kuwatosha watoto, akaondoka kuelekea Sham, yaani nchi za Syria.

Sikwambii uache kazi na ukoo wako. Nakwambia tu kwamba daftari lako limefanya kazi yake yote, na kazi hiyo ilikuwa kukufikisha mlangoni. Hata ukiongeza safu ya nane, utabaki tabibu mgonjwa.


Viatu Mlangoni amejibu:

Mzee amesema ya msingi. Mimi nitasema ya miguu, kwa kuwa mimi sikusoma sana, nilitembea. Kwa takriban miaka miwili nilikuwa nikienda kukaa mahali pa ibada pa watu wengine, na nimejifunza mambo ambayo hakuna kitabu kilichowahi kunieleza.

Kwanza, jitambulishe. Mwambie mtu mmoja, mapema, kwamba wewe ni mgeni na umekuja kutazama na kujifunza. Nilikofika nimekuta watu wakarimu karibu kila mahali, ila ukarimu huo hugeuka mashaka mara moja wakikuona unafanya mambo usiyoyajua kana kwamba ni wako. Kanisani kwa Wakatoliki, usiende kupokea Komunyo kwa kuwa foleni yote imesimama. Baki umekaa, hakuna atakayekushangaa. Msikitini utavua viatu, na unaweza kukaa nyuma ukaitazama swala bila kuingia safuni. Gurdwara ya Masikh utafunika kichwa, utakaa sakafuni pamoja na wote, na baadaye utakaribishwa chakula cha pamoja ambacho hupewa kila mtu bila kuulizwa dini wala hadhi yake, desturi ambayo wao huihusisha na mwanzilishi wao, Guru Nanak, aliyeishi kati ya mwaka 1469 na 1539. Kwa Wayahudi, usivunjike moyo ukiona hawakushawishi. Ipo desturi ya kale ya kumkatisha tamaa, hata mara tatu, anayetaka kuingia, ili ijulikane kama anakitaka kweli anachokiomba. Mimi nilizoea kubembelezwa, na nakiri kwamba nilikasirika. Baadaye niliona kuwa ni mahali pekee ambapo hakuna aliyeharakisha uamuzi wangu.

Pili, nenda zaidi ya mara moja. Ziara ya kwanza unaona mavazi na kusikia sauti. Ziara ya nne unaanza kuchoka, na hapo ndipo mambo huanza kuonekana. Nakumbuka ibada ya Marafiki, wale wanaoitwa Wakweka, ambao baadhi yao hukaa kimya saa nzima bila mhubiri, mpaka mmoja wao aguswe kusema. Mara ya kwanza nilihesabu vigae vya dari. Mara ya pili nilisikiliza kikohozi cha watu. Mara ya tano alikuwa ameketi mbele yangu bibi mmoja aliyeweka mikono yake mapajani, viganja juu, vidole vimepinda kwa uzee, na katika saa ile yote hakuna aliyesema neno. Tulipotoka, nikakuta kwamba nimeacha kumkasirikia mtu niliyekuwa nimemkasirikia kwa mwaka mzima. Sikuwa nimemfikiria hata mara moja. Sijui lilitokeaje, na sijawa Mkweka; lakini siku ile niliacha kuuliza dini ipi ina hoja nzuri.

Tatu, badilisha maswali. Ukimuuliza muumini "Kwa nini mnaamini hivi?" atakupa jibu alilokariri. Muulize "Unafanya nini siku ambazo huna hamu hata kidogo ya kusali?" Nimewauliza watu wa dini tano swali hilo, na sijapata jibu la kukariri hata moja.

Kuhusu vikundi vya kuepuka, sitasema mengi: wakikutaka ukate uhusiano na ndugu zako, wakikuuzia mafundisho ya siri kwa ngazi, au maswali yako yakiitwa uasi, vaa viatu vyako uende.


Kamba Moja amejibu:

Nimewasoma wote kwa heshima, na nakubali kwamba kuonja kunashinda kusoma. Lakini sioni mtu aliyejibu swali la pili, la kuokota jema la kila dini, nami nitalijibu bila kuzunguka: huko ni kujidanganya. Wahenga walisema njia mbili zilimshinda fisi. Mwenzetu ana njia saba.

Hoja yangu si kwamba dini nyingine ni mbaya. Hoja ni kwamba njia uliyojitengenezea mwenyewe haiwezi kukukosoa. Utachukua msamaha wa Wakristo na kuacha msalaba; utachukua utulivu wa Wabuddha na kuacha kanuni za maadili ambazo kwao hutangulia utulivu huo; utachukua ushairi wa masufi na kuacha swala tano ambazo masufi wengi wenyewe hawakuziacha. Kila unachokipenda kitaingia kapuni, na kila kinachokuuma kitabaki nje. Mwisho wa yote utakuwa unaabudu ladha yako. Dini uliyopewa na wengine, pamoja na matatizo yake yote, hukuamsha usingizini usipotaka, hukukalisha karibu na mtu usiyempenda, na hukuambia umekosea siku unapojiona umepatia.

Na kabla ya kwenda mbali, je, ulikotoka umekujua kweli? Mohandas Gandhi, akiwa kijana Afrika Kusini, alizungukwa na marafiki Wakristo waliotaka abatizwe na marafiki Waislamu waliomweleza uzuri wa Uislamu, naye akachanganyikiwa. Mwaka 1894 alimwandikia maswali Raychandbhai, mtu aliyemheshimu sana katika mambo ya roho. Jibu lilimtaka awe na subira na auchunguze Uhindu kwa kina zaidi. Tazama kwamba Raychandbhai alikuwa Mjaini, yaani mfuasi wa dini nyingine ya India, si Mhindu kama Gandhi. Hakumwita kijana aje kwake, alimrudisha nyumbani. Mimi naamini wengi wanaosema wamezichoka dini zao hawajawahi kuzijua wakiwa watu wazima. Walifundishwa wakiwa na miaka kumi, wakaacha kujifunza, kisha wakiwa na thelathini wanailaumu dini kwamba ni ya kitoto.


Daftari la Safu Saba:

Ndugu Kamba Moja, aya yako ya mwisho imenichoma mahali pake, nami sina la kujitetea. Niliwasoma wanazuoni wa dini sita kwa makini. Dini ya wazazi wangu niliipa alama kwa kumbukumbu tu, sikufungua hata kitabu kimoja.

Ila kuhusu fisi, niruhusu nibishe kidogo. Katika hadithi niliyosimuliwa, fisi alisikia harufu ya nyama ikitoka njia zote mbili, akataka kula kote kwa wakati mmoja, akaweka miguu ya kushoto huku na ya kulia huku, akapasuka msamba. Kilichomuua ni kutaka nyama zote. Angesimama njia panda akanusa vizuri, akaulizia wapita njia, angefika mzima.


Nanga Bado amejibu:

Nimecheka, na naona fisi ametetewa vya kutosha. Mimi nasimama kati ya Kamba Moja na muulizaji, kwa sababu nadhani tunachanganya vitu viwili: kuchanganya dini na kujifunza kutoka kwa dini nyingine. Cha kwanza nakihofia kama yeye. Cha pili kimefanywa ndani ya dini zenyewe. Kitabu kitakatifu cha Masikh, kilichokusanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1604, kina tenzi za Sheikh Farid aliyekuwa sufi wa Kiislamu na za Kabir, ambaye Wahindu na Waislamu walimgombea. Thomas Merton alikuwa mtawa wa Kikatoliki hadi kufa kwake mwaka 1968, na katika miezi yake ya mwisho alikuwa Asia akizungumza na Dalai Lama, kiongozi wa Wabuddha wa Tibet, kuhusu kutafakari. Watu hawa hawakuokota huku na huku. Walikuwa na mahali wanaposimama, ndiyo maana waliweza kunyoosha mkono.

Hata Ramakrishna wa Bengali, ambaye watu humtaja kila wanapotaka kuthibitisha kwamba dini zote ni moja, hakufanya wanavyodhani. Alikuwa kuhani wa mungu wa kike Kali, na mnamo 1866 alifuata ibada ya Kiislamu chini ya mwongozo wa mwalimu. Wasimulizi wa maisha yake wanaeleza kwamba katika siku hizo alilitaja jina la Allah, alivaa kama Waislamu, na hata kutazama sanamu za miungu ya Kihindu hakutaka. Alipokuwa katika njia moja, alikuwa humo mzimamzima. Kwa hiyo anayesema "nachukua kidogo kidogo kama Ramakrishna" hamjui Ramakrishna.

Wapo pia wanaopenda kuyanukuu maneno ya Buddha kwa Wakalama, watu wa India ya kale waliomwendea na mashaka yao, kwamba msikubali jambo kwa sababu tu limesikika, au ni mapokeo, au limo katika maandiko, au limesemwa na mwalimu. Wakiishia hapo, huonekana kama ruhusa ya kila mtu kujiamulia. Lakini katika orodha ileile Buddha alikataza pia kutegemea hoja za akili tupu, yaani daftari lenye safu saba, na kisha akawauliza Wakalama swali la vitendo: tamaa, chuki na upumbavu vikizidi ndani ya mtu, humletea kheri au madhara? Kipimo alichowapa ni kile jambo linachokifanya ndani yako ukiliishi, pamoja na hukumu ya wenye hekima wanaokutazama. Hilo la pili husahauliwa kila mara. Huwezi kujipima peke yako; mwenye kiburi ndiye wa mwisho kujua kwamba ana kiburi.

Mimi mwenyewe niliwahi kwenda mafunzo ya kutafakari ya siku kumi, kimya kabisa, kengele ikilia saa kumi alfajiri. Siku ya nne magoti yaliniuma hadi nikaanza kutunga barua ya kuaga. Siku ya saba nilikuwa na furaha isiyo kifani, nikadhani nimefika. Wiki tatu baada ya kurudi nilimfokea mdogo wangu kwa jambo la kipuuzi, na nikaona wazi kwamba sikuwa nimefika popote. Nilikuwa nimepumzika tu. Kwa hiyo kwa swali la "mtu hujuaje kwamba amefika", nitajibu kwamba usiwaulize waliokuona siku ya saba. Waulize wanaokaa nawe.

Swali la mama yako silijui jibu lake, lakini nadhani kutazama kwake kumeshakuwa swali, na ukimya wako kwake umeshakuwa jibu baya kuliko lolote ungeloweza kutamka.


Daftari la Safu Saba:

Ndugu zangu, imepita miezi miwili na ushee, nami naona ni adabu kurudi kuwaeleza nilikofikia, ingawa si mbali.

Nimechagua mahali pamoja, nami nakwenda kila juma. Sitapataja, kwa sababu najua mjadala utaacha kunihusu mimi na utaanza kuhusu pale mahali. Nimejiwekea mwaka mmoja bila kuandika alama zozote. Nilimweleza mwalimu wa pale kwamba sijaamua, na kwamba huenda nisiamue. Kisha nikamuuliza lile swali la Viatu Mlangoni. Alinyamaza kidogo, akasema kwamba siku zisizo na hamu ni nyingi kuliko zenye hamu, na kwamba siku hizo yeye husali kwa sauti ili walau masikio yake yasikie. Sijui kwa nini jibu hilo limenituliza kuliko miaka mitatu ya kusoma. Juma la tano nilichoka, kama nilivyoonywa, na nikaenda hivyohivyo.

Sambamba na hilo, jioni nasoma kitabu kizito kimoja kuhusu dini niliyolelewa nayo, kilichoandikwa na mwanazuoni wa dini hiyo kwa ajili ya watu wazima. Kamba Moja alisema kweli: sikuwa naijua. Hilo halijanirudisha, ila limeniondolea dharau ambayo sikujua kwamba ninayo.

Nilizungumza na mama. Nilikuwa nimejiandaa kwa maelezo marefu, na nilipoanza alinyanyua mkono akanikatiza, akaniuliza jambo moja tu: "Unasali?" Nikamwambia kwamba nakaa, nanyamaza, wakati mwingine natamka maneno, na kwamba sijui kama hilo linaitwa kusali. Akalifikiria kwa muda, akasema nikijua nimwambie.